Mawe ya Waliochelewa Mazikoni

24 Septemba

Tumefika. Basi lilituacha Mchinga saa nane mchana, mimi na Imani, rafiki yangu wa vibarua, kila mtu na mfuko wake. Mwenye shamba, mzee Abdurahmani, alikuja kutuchukua kwa pikipiki, mmoja baada ya mwingine. Shamba liko ndani, zaidi ya saa moja kwa miguu kutoka barabara ya lami, chini ya mlima uliosimama peke yake kama mtu aliyesusa. Kazi yetu ni kuokota korosho mpaka zitakapokwisha mitini. Kibanda kipo, kisima kipo, kuni ni za kujiokotea.

Daftari hili nililinunua Nangurukuru basi liliposimama ili watu wale. Shule niliishia darasa la tano, lakini kuandika sikusahau. Nikiandika kichwa kinapungua uzito.

25 Septemba

Asubuhi tulihangaika kutafuta mafiga. Shamba lote ni mchanga. Mawe mawili tuliyapata kwenye kijito kilichokauka, ila la tatu la kulingana nayo halikuonekana. Imani akasema juu ya mlima kuna lundo la mawe, unaliona ukiwa shambani, limekaa kama kofia. Tukapanda.

Njia ni kali, mahali pengine unapanda kwa kushika mizizi. Kufika juu nilishangaa. Lile si lundo, ni mlima mwingine juu ya mlima. Nililizunguka nikihesabu hatua, nikapata themanini na sita. Kimo chake ni kama watu wawili, mmoja kasimama mabegani mwa mwenzake. Mawe yote ni ya mviringo, ya kijitoni. Hakuna hata moja la pale juu. Nilijiuliza nani aliyapandisha yote hayo na kwa ajili gani, kisha nikachoka kujiuliza. Imani alichagua moja lenye mshipa mweupe, kubwa kama kichwa cha mtoto, bapa upande mmoja. Tukashuka nalo kwa kupokezana.

Chini tulipishana na mama mmoja wa kijijini anayeokota korosho hapa, anaitwa Kudra. Tukamsalimia. Akaliangalia jiwe, akaitikia salamu, akapita.

Ugali wa leo umeiva vizuri. Sufuria haikuyumba.

28 Septemba

Kuokota tangu asubuhi. Mgongo.

2 Oktoba

Kazi nimeizoea. Unapita chini ya miti ukiwa umeinama, unaokota bibo lililoanguka, unanyonyoa korosho yake, unatia kwenye ndoo. Bibo unalitupa. Jioni unaanika kwenye turubai. Nimekata miwa Kilombero, nimekata mkonge Tanga, sasa nainama Lindi. Mwili mmoja, umetumika kila mkoa.

Tunaokota pamoja na wanawake wanane wa kijijini. Adhuhuri wao wanakaa upande wao na chakula chao. Leo tulipika kunde, Imani akawaita. "Dada zetu, karibuni, kuna mboga ya kutosha."

Wote wakasema ahsante, wameshiba. Mmoja alikuwa hata hajafungua bakuli lake. Niliona wanavyotazama jiko letu, wanaangaliana, kisha wanainamisha macho.

"Wanadhani tumepika kitimoto," Imani akasema. "Hawa nguruwe hawali."

Mimi nadhani ni dharau tu. Watu wa pwani wakimwona mtu wa bara mwenye shati lililochanika, wanamaliza habari yake hapohapo.

9 Oktoba

Korosho. Jua. Mabibo yaliyooza yananuka kama pombe. Nyigu wamenipiga shingoni mara mbili.

13 Oktoba

Jumapili. Kanisa liko mbali, sikwenda. Mzee Abdurahmani alikuja kuangalia turubai, akakaa nasi kidogo. Ni mtu wa miaka sitini na kidogo, mkali kwenye kazi, mwepesi kwenye maneno. Nikamuuliza kuhusu lile lundo la mlimani.

"Lile ni kaburi," akasema. "Babu yangu alisema amelala jitu. Urefu wake mikono kumi na mbili. Alikuwa akikaa hapo juu miguu yake inafika baharini Mchinga, ananawa."

"Wewe unaamini, mzee?"

"Mimi naamini korosho. Miaka ya nyuma walikuja wasomi na kamba na makaratasi. Wakapima siku tatu. Nikawauliza, nani amelala humu? Wakasema hawajui, ila ni mtu wa zamani sana, kabla ya Waarabu, kabla ya sisi, kabla ya kila mtu unayemjua jina. Nikawaambia, basi mmenipa jibu lile lile la babu yangu, ila yeye aliongeza miguu."

Imani alicheka mpaka akakohoa. Mzee alipokuwa akiondoka alisimama karibu na jiko letu. Nilidhani anatazama chakula. Akafungua kinywa kama anayetaka kusema kitu, akakifunga, akawasha pikipiki.

20 Oktoba

Leo Stella angetimiza miaka tisa. Siandiki zaidi.

27 Oktoba

Nimekaa na kalamu muda mrefu kabla ya kuanza.

Adhuhuri alikuja bibi mmoja ambaye sikuwahi kumwona. Anaitwa Bi Zuwena, ni mama mkubwa wa Kudra, nyumba yake ndiyo ya mwisho kijijini upande huu. Anatembea kwa fimbo, nyonga imemharibikia. Alikuja kuomba mabibo ya mbuzi wake. Tukamwamkia, akaitikia vizuri, akaomba maji. Nikampa, akakaa juu ya debe akinywa taratibu. Nikaona kikombe kimesimama hewani.

"Ondoeni sufuria," akasema.

"Bibi, ndiyo kwanza maji yanachemka," Imani akamjibu akicheka. "Vumilia kidogo, utakula na sisi."

"Nimesema iondoeni."

Sauti yake haikuwa kubwa, ila nilisimama nikaiondoa. Yeye akateremka kwenye debe, akapiga magoti kwa shida, akanyoosha mkono kwenye moto kulishika lile jiwe la mlimani. Lilikuwa jeusi kwa masizi, mshipa mweupe hauonekani vizuri. Alilishika hivyohivyo likiwa la moto. Nilisikia ngozi ikiungua.

"Musa," akasema. "Musa wangu. Wamekupikia."

Kudra alikuja mbio. "Mama mkubwa! Acha, utaungua!" Akamvuta, wanawake wengine wakamwagia maji vidoleni. Bibi hakulia. Hakututukana. Alitutazama mimi na Imani kama mtu anayetazama mbuzi walioingia msikitini, hawajui walipo. Akaondoka akishikiliwa, mabibo ameyaacha.

Kudra akarudi baadaye. "Mnajua mmepikia nini?"

"Jiwe," nikasema.

"Jiwe la nani?"

Kwetu Nkasi jiwe halina mtu.

Ndipo akatueleza. Musa alikuwa mtoto wa kiume pekee wa Bi Zuwena. Alikwenda Msumbiji kuchimba madini, akafia huko. Habari ilikuja na mpita njia, miezi miwili baada ya kuzikwa. Waliomzika walikuwa wachimbaji wenzake, nao wakatawanyika. Mpaka leo hakuna anayejua ni pori gani. Hapa desturi yao ni kwamba mtu akichelewa maziko na kaburi hawezi kulifikia, anachukua jiwe kijitoni, analipandisha mwenyewe mpaka kwenye lile lundo, analiweka, analitajia jina. Bi Zuwena alilipandisha la Musa miaka kumi na moja iliyopita. Kila mwaka alikuwa anapanda kulizuru, mpaka nyonga ilipokataa.

"Siku ile ulituona tukishuka nalo," nikamwambia. "Kwa nini hukusema?"

"Jiwe lina mwenyewe. Mimi si mwenyewe. Sikujua ni la nani. Mwenyewe akiliona ndiye wa kusema."

"Ukakaa kimya mwezi mzima?"

"Hata mwaka. Wewe ungependa mimi niseme juu ya maiti ya mwenzangu, nisiyemjua?"

Kumbe hawakutudharau. Walikuwa hawawezi kula chakula kilichopikwa juu ya marehemu wa mtu, na kila mmoja aliogopa huenda ni wake. Na mzee Abdurahmani vilevile, siku ile. Mwezi mzima nimewaandika vibaya humu ndani. Siyafuti, ila najua.

Leo hatukula. Jiko tumelivunja.

28 Oktoba

Niliamka alfajiri, nikalisugua jiwe kwa mchanga na majivu. Masizi yalitoka, ila kwenye nyufa yamebaki. Nikalipandisha peke yangu, nikaliweka mahali tulipolitoa, nikafanya ishara ya msalaba. Nikashuka mwepesi, saa moja na nusu niko kazini.

29 Oktoba

Nilidhani nimemaliza. Leo Kudra alinisimamisha njiani mikono kiunoni.

"Benjamini, nani kakutuma?"

"Nimerudisha jiwe la bibi."

"Hujarudisha kitu. Jiwe linapandishwa na aliyechelewa, kwa mikono yake. Ulilolipandisha wewe jana ni la kwako. Bibi hana jiwe pale juu."

"Basi nifanyeje?"

"Kalishushe. Halafu ukae kimya usitengeneze jingine."

Nikapanda tena, nikalishusha. Imani alikuwa amekaa mlangoni ananingoja. "Jiwe hili limesafiri kuliko mimi," akasema. Sikucheka, naye akaingia ndani.

Jioni tulipokuwa tunakunja turubai Kudra alikuwa amepoa. Akaniambia habari ya lundo kama alivyoisikia kwa bibi yake, na ni tofauti na ile ya mzee. Hakuna jitu. Zamani watu wa bonde hili walikuwa wanashuka wote pwani kuchemsha chumvi. Mwaka mmoja mvua zikaanza wao wako huko, mto ukafunga njia. Huku alibaki mzee wao, na mke wake kilema. Mzee akafa. Bonde lote maji, mke akamburuta mpaka juu kwa jamvi, siku mbili, akamzika katika ukungu. Watu waliporudi wakamuuliza, kaburi lipi? Akasema, ni hapa juu, ila mahali penyewe nimepapoteza, mvua imesawazisha. Basi kila mtu akachukua jiwe akaliweka pale alipodhani. Mawe yakawa mengi, yakafunika kilele kizima.

"Kwa hiyo huenda hayuko chini ya mawe," Imani akasema. "Huenda yuko pembeni, anawaangalia tu."

"Huenda," Kudra akasema. "Ndiyo maana tunaendelea kuongeza."

3 Novemba

Nimekwenda nyumbani kwa Bi Zuwena, na jiwe nikiwa nimelifunga kwenye shuka. Alikuwa barazani anachambua mchele, vidole vitatu vimefungwa kitambaa. Nilimwamkia, nikabaki nimesimama.

"Kaa, mtu wa bara. Umeniletea mwanangu?"

"Ndiyo, bibi. Nimejaribu kumsafisha. Masizi hayatoki yote. Nisamehe. Tulikuwa hatujui."

Akalichukua, akaliweka mapajani, akapitisha kidole kwenye nyufa.

"Kwa nini ulisugua?"

"Lilikuwa limechafuka."

"Mlipikia nini?"

"Ugali. Kunde. Siku moja dagaa."

"Watu wawili mwezi mzima." Akafikiri. "Musa alikuwa mlaji yule. Kazaliwa anakula. Usisugue tena. Hayo yaliyobaki niachie."

Nikamwambia nipo tayari kufanya chochote jiwe lirudi. Akaonyesha nyonga yake kwa kidevu. Binti yake Warda anakuja kumchukua tarehe ishirini na tatu, akakae naye Lindi, karibu na hospitali.

"Akinichukua harudishi, namjua. Ana nyumba ya vigae na choo cha ndani. Nitakufa nikiwa safi sana."

"Si utalibeba hili uende nalo?"

"Niende nalo Lindi niliweke wapi, juu ya friji? Mwanangu hana kaburi. Mahali pake ni pale juu tu, na mimi ndiye niliyepo wa kumweka. Nikiondoka yuko chini, basi hayupo popote."

"Nitakushika mkono, bibi."

"Mlima haupandwi kwa mkono."

6 Novemba

Naona niandike, maana nimeanza kuota.

Mwaka juzi nilikuwa Kilombero kwenye miwa. Stella aliugua homa siku tatu. Cecilia, mke wangu, alipiga simu, simu yangu ilikuwa imezimika, sikuwa na haraka ya kuichaji. Nilipoiwasha jumbe ziliingia zote kwa pamoja: anaumwa, anaumwa sana, umeshafika wapi, tumeshamzika. Ya mwisho haikuwa na lawama. Ilisema tu, tumeshamzika.

Sikwenda. Nilijiambia nimalize wiki, kisha nimalize mwezi. Kisha nikaona haya kufika mikono mitupu, na kadiri siku zilivyopita haya ikawa kubwa kuliko mimi. Ninatuma ujumbe, ninatuma matumizi. Sauti ya Cecilia sijaisikia tangu mwaka jana.

Desturi ya hapa ningeijua mapema ningetembea na jiwe mfukoni.

10 Novemba

Bi Zuwena amejaribu. Mimi upande mmoja, Kudra upande mwingine, jiwe kalifunga kwenye kanga shingoni. Alipanda hatua thelathini, mpaka mwamba wa kwanza. Akakaa. Jasho lilikuwa linamtoka kama maji.

"Nirudisheni," akasema.

Kudra alilia njia nzima. Bibi akamwambia, "Unalia nini, umebeba wewe?"

14 Novemba

Mzee Abdurahmani amenikuta naangalia mlima badala ya kuokota. "Dini yetu haina mawe," akasema. "Dua inafika popote, huhitaji kupanda. Nimemwambia dada yangu Zuwena mara ngapi." Akatazama juu pia. "Mama yangu mwenyewe alipandisha mawili. Sasa sijui."

16 Novemba

Mvua ya kwanza. Imepiga kutwa nzima. Tumekimbizana na turubai. Njia ya mlimani ni tope jekundu, tunaliona kutoka hapa.

17 Novemba

Mvua.

18 Novemba

Mvua imekatika saa nne. Leo mwokotaji mmoja alikuja na mtoto mgongoni, kamfunga mbeleko, anainama na kuinuka siku nzima na mtoto kalala. Nilimtazama mpaka akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Nikamfuata Kudra. "Nani alisema kwamba lazima atembee?"

"Nini?"

"Jiwe lazima alibebe kwa mikono yake. Sawa. Yeye mwenyewe akibebwa?"

Akawaita wenzake. Walibishana kwa Kimachinga kwa muda mrefu, mimi nimesimama kama mwenye kesi. Mmoja anatikisa kichwa, mwingine anahesabu vidoleni, labda anakumbuka waliopanda zamani. Mwisho Kudra akageuka. "Hakuna aliyewahi kufanya. Lakini hakuna aliyekataza. Mwenyewe ndiye wa kusema."

Jioni tulikwenda kwake. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nibebwe na mwanamume mgongoni kijiji kizima kinaona?"

"Mama mkubwa, una miaka sabini na nne," Kudra akasema.

"Ndiyo naona haya. Ningekuwa na ishirini wangesema kateleza, ni ujana." Wanawake wakaangua kicheko. Bibi akanitazama mabega, miguu, kama anayenunua ng'ombe. "Ulikuwa unabeba nini huko ulikotoka?"

"Miwa, bibi. Mizigo ya miwa."

"Mimi si mzito kama miwa. Ijumaa, mvua isiponyesha. Na ikinyesha, Ijumaa hiyohiyo."

22 Novemba

Imenyesha, si nyingi, ya rasharasha. Tumekwenda.

Walimfunga mgongoni kwangu kwa kanga mbili, Kudra akakaza mafundo kifuani kwangu mpaka nikakosa pumzi. Bibi alikuwa amelifunga jiwe kwenye kanga yake mwenyewe, shingoni, limekaa katikati ya kifua chake na uti wangu wa mgongo. Wanawake walipiga vigelegele. "Benjamini kazaa mtoto ana mvi!" Imani alitangulia mbele na jembe akichonga vidato vya kukanyagia. Mzee Abdurahmani alisema anapita tu, akapita nasi hata tulipoanza kupanda.

Sikujua mtu mzima anaweza kuwa mwepesi hivyo. Kilichokuwa kizito ni jiwe. Kila nilipoinama lilinisukuma kuelekea mbele, kila nilipoinuka lilinivuta nyuma. Kwenye mizizi nilitambaa kwa mikono na magoti. Mara moja niliteleza, goti likapasuka, bibi akasema sikioni, "Taratibu, sina haraka, nimeshachelewa miaka kumi na moja." 

Baada ya mwamba wa pili akauliza, "Mfukoni una nini? Kinanichoma mguu."

Sikutaka kujibu. Lakini mtu aliye mgongoni huwezi kumkimbia.

"Jiwe, bibi. Dogo. Nimeliokota kijitoni asubuhi."

"La nani?"

"La mwanangu wa kike. Alikuwa na miaka saba. Nilichelewa."

Nikapanda hatua kadhaa, akasema, "Nitue."

Nikapiga magoti, Kudra akafungua mafundo, tukamkalisha kwenye jani la mgomba alilokuja nalo Imani. Mvua ilikuwa inatutonea. Wengine wakasogea pembeni.

"Amezikwa wapi?"

"Nyumbani. Nkasi. Makaburi ya kigangoni."

"Umefika?"

"Bado."

"Kuna vita huko? Kuna mpaka? Kuna mtu anakuzuia?"

"Hakuna."

"Yupo anayeweza kukuonyesha alipolala?"

"Mama yake yupo."

"Mama yake yupo." Alilirudia polepole. Kisha akanigeukia, na sauti yake ilikuwa kali kuliko siku ile ya jikoni. "Basi unanipandishia nini jiwe? Haya mawe ni ya watu wasio na pa kwenda. Mimi ningejua pori lake ningekwenda kwa kutambaa, nyonga na yote. Wewe una miguu, una nauli, una mtu wa kukuonyesha, halafu unataka kumweka mtoto wa watu huku Mchinga ili upumzike? Lishushe hilo."

Nililitoa mfukoni. Nikaliweka kando ya njia. Lilikaa pale kati ya mawe mengine, na nilipogeuza macho kidogo tu sikuweza tena kujua ni lipi.

"Haya," akasema. "Nifunge. Tuna safari."

Kufika juu hakukubali kubebwa mpaka kwenye lundo. Alishuka, akatambaa mwenyewe, mimi na Kudra tumesimama nyuma yake mikono imenyooshwa kama watu wanaofukuza kuku. Hakuliweka pale lilipokuwa. Alitafuta upande wa mashariki, chini kidogo, mahali mkono wake unafika. Akalifungua, akaligeuza, akaliweka upande wenye masizi ukiwa nje.

"Musa wa Zuwena," akasema, "mamako nimefika. Unisamehe, nilikukuta jikoni."

Akasoma dua. Mzee Abdurahmani, ambaye alikuwa anapita tu, aliinua mikono akaitikia amina. Imani alivua kofia. Mimi nilitazama lundo lote lile, mvua inalichuruzikia, nikawaza kwamba kila jiwe ni mtu aliyesimama hapa akiwa amechelewa, mmoja mmoja, tangu kabla ya watu wote wenye majina. Sikuwa na jiwe pale. Niliona vibaya, kisha nikaona ni sawa.

Kushuka kulikuwa kugumu kuliko kupanda. Bibi alilala mgongoni njia nzima. Nilimsikia anakoroma.

23 Novemba

Warda amekuja na gari la kukodi. Alikuta mama yake kakaa barazani na kanga yenye tope jekundu. "Mama, umeanguka?" Bibi akamwambia, "Nimepanda farasi." Aliniita dirishani gari lilipowaka.

"Lini unakwenda?"

"Korosho zikiisha, bibi."

"Sijakuuliza korosho."

25 Novemba

Nimemuaga mzee Abdurahmani. Zimebaki chache mitini, alisema wanawake watazimalizia, niende. Imani anaelekea Masasi kwenye mbaazi, alinitaka tufuatane. Nimekataa. Hakuniuliza sababu, alikuwepo.

Leo nimetembea mpaka barabarani penye mtandao, nikapiga, sikuandika ujumbe. Iliita mara nyingi.

"Nani?" Cecilia akasema. Namba yangu alikuwa ameshaifuta.

"Ni mimi. Nakuja."

"Kufanya nini?"

"Kumwona Stella."

Nilidhani mtandao umekatika, nikatazama simu, dakika zilikuwa zinakwenda. Nyuma yake nilisikia kuku, na mtu anatwanga.

"Makaburi yameongezeka," akasema mwishowe. "Na mwaka huu majani yamekuwa marefu, nimeshindwa kufyeka. Hutapajua."

"Nitauliza watu."

"Usiulize watu." Sauti yake ilipasuka kidogo, akaikaza. "Ukifika usitangulie. Ningoje. Nitakuonyesha mimi."